Nyumba inapogeuka darasa: Ratiba ya mzazi Mkristo, Meru na Embu

Je, mzazi anayetaka kuwafundisha wanawe nyumbani aanzie wapi? Wengi huanzia dukani. Hununua ubao na chaki, wakatundika saa ukutani, kisha Jumatatu saa mbili kamili watoto watatu wanaketishwa mezani kama wanafunzi wa bweni. Kufikia Jumatano ya juma la pili mama sauti imemkauka, yule mkubwa anamfundisha mdogo kuchora gari, na ubao umeandikwa deni la maziwa. Ratiba yenyewe ilikuwa nzuri, ila ilikuwa ya shule, nayo ikaletwa sebuleni kama ilivyo.

Tangu Machi 2020, serikali ilipofunga shule zote nchini kwa sababu ya korona, hakuna mzazi anayeweza kusema kwamba suala hili halimhusu. Wanafunzi wa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12 mwaka huo. Wengine wote walikaa nyumbani hadi Januari 4, 2021. Katika miezi hiyo tisa na zaidi, nyumba nyingi za Meru na Embu ziligundua kwamba vipindi vya redio vya KBC havitoshi kumshikilia mtoto, na kwamba mtoto asiye na ratiba hujitengenezea yake. Kisha Septemba 2024 moto ukazuka katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, ng'ambo tu ya mlima, ukawaua wavulana 21. Baada ya siku kama hizo, mzazi akijiuliza kama mtoto wake hawezi kusomea nyumbani, si haki kumcheka.

Lakini kabla ya kushika rula na penseli, yafaa mzazi aijue sheria, maana nyumba ya Mkristo haiwezi kuendeshwa kwa kumkwepa chifu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inamtaka kila mzazi kuhakikisha kwamba mwanawe anahudhuria shule, na anayekaidi anaweza kushtakiwa. Wazazi wanaofundisha nyumbani wamewahi kwenda mahakamani kuipinga sehemu hiyo, wakidai kwamba mtoto anayefundishwa vyema na wazazi wake hajanyimwa elimu. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mzazi anayetaka kufuata njia hii mwaka mzima hana budi kumwona wakili na afisa wa elimu wa kaunti ndogo mapema, asingoje barua imfikie.

Kwa wasomaji wengi wa ukurasa huu, ratiba ya nyumbani ni ya likizo, ya mtoto anayeugua kwa muda mrefu, au ya muhula ambao karo imechelewa. Hawa hawana ugomvi na sheria hata kidogo. Kwa kweli sheria iko upande wao, kwani ile ile ya 2013 inakataza masomo ya ziada shuleni wakati wa likizo. Aprili, Agosti, Novemba na Desemba ni miezi ya nyumbani, na swali ni nyumba itaifanyia nini.

SAA NNE ZA KUMBUKUMBU LA TORATI

Mkristo akitafuta ratiba katika Biblia, mara nyingi hutumwa kwenye Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Hapo Musa anawaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao amri za Mungu, na anataja nyakati nne: mtu aketipo nyumbani, anapotembea njiani, anapolala na anapoamka. Wahubiri huusoma ukurasa huo kama wito wa maombi ya jamaa. Ni sawa, lakini ukiutazama kwa jicho la mwalimu utaona kwamba nusu ya ratiba hiyo haihitaji meza. Kuna kuamka na kulala, ambazo ni ncha mbili za siku. Kuna kuketi, ambako ndiko kwenye vitabu. Na kuna njiani, yaani shambani, sokoni, mtoni, kwenye matatu.

Ratiba nyingi zinazokufa juma la pili zimeweka kila kitu kwenye kuketi.

Katika nchi hii ya mlima, habari ya kusoma na habari ya imani ziliingia kwa mlango mmoja. Waanglikana wa shirika la CMS walianza kazi Kigari, Embu, mwaka 1910. Mapadri wa Consolata walifika Meru 1911, na Wamethodisti wakawafuata 1912, wakakita makao Kaaga. Watu walioambatana nao waliitwa athomi, yaani wasomaji, na mtu akisema fulani amekuwa msomaji alimaanisha amekuwa Mkristo. Hivyo basi mzazi anayefungua siku kwa sala na kitabu haleti jambo la kigeni. Babu yake alilijua.

Wamethodisti wa Meru wana mfano mwingine wa kujivunia ingawa haukutokea hapa. Susanna Wesley, mama yao John na Charles Wesley, aliwafundisha wanawe nyumbani huko Epworth, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1690 na mwanzoni mwa 1700. Alizaa watoto 19 na karibu nusu yao wakafa wachanga. Mwaka 1732 alimwandikia John barua ya kueleza jinsi alivyoendesha shule hiyo. Masomo yalikuwa saa tatu asubuhi hadi saa sita, kisha saa nane hadi saa kumi na moja. Saa hizo hakuna aliyeruhusiwa kuingia chumbani kusumbua. Mtoto alianza kusoma alipotimiza miaka mitano, wala si mapema. Msichana naye hakupewa kazi za mikono kabla hajajua kusoma vizuri.

Hilo la mwisho lisomwe mara mbili katika nyumba zetu. Ni mara ngapi ratiba ya likizo inaandikwa kwa ajili ya wote, lakini ikifika saa nne msichana ameitwa jikoni kuosha vyombo huku kaka yake akiendelea na hesabu? Ratiba isiyoandika ni nani anaosha vyombo na siku gani, ina somo moja ambalo msichana atakosa kila siku.

Tena Susanna alikuwa na jambo ambalo shule haiwezi kuiga: kila mtoto alikuwa na jioni yake katika juma, saa ya kukaa peke yake na mama kuzungumzia moyo wake. Ya John ilikuwa Alhamisi. Alipokuwa mtu mzima bado aliikumbuka Alhamisi hiyo kwa hamu.

ASUBUHI YENYEWE

Sasa tuandike. Tuchukue mfano wa nyumba yenye watoto watatu, wa Gredi ya 1, ya 4 na ya 6, katika mtaa wa Majimbo mjini Embu au Kinoru mjini Meru. Mama yuko nyumbani au ana kazi ya kuanzia adhuhuri. Baba anafanya kazi na hurudi jioni, ama anafanya kazi Nairobi na hurudi Ijumaa.

Jambo la kwanza ni jua. Ikweta inakatiza barabara kati ya Nkubu na mji wa Meru, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na dakika kumi hadi arobaini, halisogei zaidi ya hapo. Hii ni neema kwa mpangaji ratiba, kwani ya Januari itafaa hata Julai. Lakini Julai na Agosti miteremko ya Mlima Kenya ina baridi na ukungu, na mtoto aliyeshikishwa penseli saa moja asubuhi huandika kama kuku. Miezi hiyo anza na kazi ya mwili kwanza, kuni, ng'ombe, kufagia, ndipo mketi.

Saa moja na nusu iwe ya chai na neno la Mungu. Dakika kumi na tano zatosha. Wazazi wengi huharibu hapa kwa kuhubiri. Acha mtoto wa Gredi ya 6 asome, wa Gredi ya 4 aeleze alichosikia kwa maneno yake, na wa Gredi ya 1 achague wimbo. Kwa kufanya hivyo umefundisha kusoma kwa sauti, ufahamu na muziki kabla ya saa mbili, na hakuna aliyejua kwamba yuko darasani. Kifungu kimoja kitumike juma zima, kiandikwe kwa Kiswahili Jumanne na kwa Kimeru au Kiembu Alhamisi. Mtaala wenyewe unataka lugha ya nyumbani itumike katika gredi za chini, nao watoto wetu wa mjini wengi hawawezi kumsalimia nyanya yao bila kuchanganya.

Kuanzia saa mbili na robo hadi saa nne fanyeni yale mawili yasiyosubiri: hesabu na kusoma. Shuleni kipindi cha gredi za chini ni dakika 30 na cha gredi za juu ni 35, na hapo mwalimu anagawanya macho yake kwa watoto 40 au 50. Nyumbani una watatu. Dakika 20 za hesabu ukiwa umeketi kando ya mtoto wa Gredi ya 1 ni nyingi kuliko kipindi kizima akiwa dawati la nyuma. Charlotte Mason, mwalimu Mkristo wa Uingereza aliyefungua chuo chake Ambleside mwaka 1892, alishikilia kwamba mtoto mdogo apewe somo fupi na alisikilize kwa moyo wote, kisha lifungwe hata kama bado analipenda. Fuata hilo. Mama aanze na mdogo, wakubwa wakifanya kazi waliyopewa jana. Kisha mdogo atolewe nje na mama awageukie wakubwa. Kosa linaloonekana sana ni kutaka kuwafundisha watatu kwa wakati mmoja mambo matatu.

Saa nne ni uji. Saa nne na nusu hadi saa sita, sayansi, Kiingereza, Kiswahili, somo moja au mawili, siyo yote kila siku. Hapa watatu wanaweza kuunganishwa. Mkisoma juu ya maji, mdogo achore, wa katikati aandike sentensi tano, mkubwa aeleze mvua inavyotokea. Kisha vitabu vifungwe. Ndiyo, saa sita. Kanuni za serikali zinaipa shule ya kutwa saa mbili hadi saa tisa na nusu, lakini ndani yake kuna gwaride, foleni ya choo, mwito wa majina, kusahihisha madaftari hamsini na mwalimu aliyeitwa ofisini. Nyumbani hamna hayo. Usijaze alasiri kwa vitabu ili tu jirani aone watoto wameinama.

ALASIRI NI YA NJIANI

Ni alasiri ambapo Meru na Embu zinawashinda wengi. Ukiwa na kahawa, mavuno makuu huja Oktoba hadi Desemba na yale madogo kati ya Aprili na Juni. Mtoto wa Gredi ya 6 apewe daftari la kilo: debe hili limepima nini kiwandani, jana lilikuwa nini, wastani ni upi. Wenye majani chai wana mizani yao kwenye kituo cha kununulia. Wa Mbeere wana ndengu na mtama, na swali la kwa nini Siakago hupanda mtama huku Manyatta ikipanda chai ni somo zima la jiografia linalofundishwa kwa kupanda matatu moja.

Bwawa nalo? Kwenye mto Tana, mpakani mwa Embu, kuna mabwawa matano yanayofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La zamani kuliko yote ni Kindaruma, la 1968, na la mwisho ni Kiambere, la 1988. Maji yale yale huzalisha umeme mara tano kabla ya kuendelea zake kuelekea bahari. Mtoto akiuliza kwa nini bili ya stima hupanda mvua ikikosa, umepata kipindi cha alasiri bila kutafuta.

Na wale wanaokaa karibu na ikweta wana jaribio ambalo mtoto wa London hawezi kulifanya kwao. Machi 20 au 21, na tena Septemba 22 au 23, simika kijiti wima uani. Karibu saa sita na nusu mchana kivuli chake kitatoweka kabisa. Liandikeni katika ratiba ya mwaka kwa wino mwekundu.

Jumatano au siku yoyote ya soko, nendeni Gakoromone na shilingi mia mbili na orodha. Anayehesabu chenji ni mtoto.

Lakini hapa pana hatari, na haifai kufichwa. Katika Igembe watoto wamekuwa wakiacha shule kuchuma miraa, na mahali pengine ni kahawa au muguka. Mzazi akisema kwamba mwanawe anasomea nyumbani, kumbe kutwa yuko juu ya mti, hiyo si elimu ya Kikristo wala ya kipagani. Kipimo ni rahisi. Kazi ya alasiri ikimzuia mtoto asifike mezani asubuhi, au ikiongezeka kila bei inapopanda, basi ni kibarua. Ratiba itaje kazi ya mikono na itaje pia saa inapokoma. Saa kumi yatosha, ili pabaki saa mbili za jua kwa ajili ya mpira.

Wengine watauliza, mtoto wa nyumbani atacheza na nani? Swali hili huulizwa kwa kejeli lakini ni la haki. Mtoto anayewaona ndugu zake tu tangu Jumatatu hadi Jumamosi hupungukiwa na kitu. Makanisa yana majibu mengi kuliko tunavyoyatumia: Boys' Brigade na Girls' Brigade za PCEA, Utoto Mtakatifu wa Kanisa Katoliki, kwaya za watoto, shule ya Jumapili. Ratiba ya juma iwe na alasiri mbili za namna hii, na ziwe na uzito sawa na hesabu, zisifutwe kwa sababu wageni wamekuja. Familia mbili au tatu pia zinaweza kubadilishana. Mama mmoja hodari wa hesabu awachukue watoto wote Jumanne, mwenzake wa muziki Ijumaa.

MAMA AKICHOKA

Nani anamfundisha mwalimu kupumzika? Katika ratiba ya kwanza ambayo mzazi huandika, jina la mama liko kila saa na la baba haliko popote isipokuwa kwenye maombi ya usiku. Ratiba ya namna hiyo huvunjika kwa homa moja tu. Baba apewe kipindi chenye jina na saa, hata kama anarudi Ijumaa: Jumamosi asubuhi, historia au ufundi, na ile saa ya kila mtoto peke yake kama Alhamisi ya John Wesley. Nyanya apewe lugha na hadithi. Mtoto wa Gredi ya 6 anaweza kumsomea mdogo kitabu kwa robo saa mama akinywa chai yake ikiwa moto.

Siku ya kupumzika nayo ipumzike kweli. Waadventista huiheshimu tangu Ijumaa jua linapotua, nao hawafungui daftari la hesabu hadi kesho yake jioni. Sisi wa Jumapili tumelegea. Kumalizia masomo ya juma Jumapili alasiri ni desturi ya shule za bweni, nayo yafaa ibaki huko. Hali kadhalika, katika kila majuma sita acha moja tupu. Litajazwa na matanga, harusi, ng'ombe aliyezaa au mtoto mwenye tetekuwanga, na hutakuwa na deni.

Kwa wale wanaofuata njia hii mwaka mzima, kuna suala la mitihani ambalo linataka hesabu ya miaka. Ule mfumo wa 8-4-4 uliokuja 1985 ulikuwa na mtihani mmoja mkubwa wa KCPE, na uliofanywa 2023 ndio uliokuwa wa mwisho. Siku hizi alama hukusanywa polepole. Kwenda sekondari ya juu, mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 hubeba asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA ya Gredi ya 9 asilimia 60. Usajili hupitia shule. Maana yake ni kwamba mtoto asiye na shule iliyosajiliwa nyuma yake anapoteza alama kabla ya kuingia chumba cha mtihani. Baadhi ya wazazi huchagua mitihani ya Cambridge badala yake, ambayo hulipiwa kwa kila somo, na wengine hununua vijitabu vya mtaala wa Kikristo wa ACE ulioanzia Texas mwaka 1970. Zote mbili ni ghali kwa mfuko wa mkulima, na mtoto akitaka kurudi katika shule ya kawaida akiwa Gredi ya 7 atahitaji kuonyesha alikotoka. Amueni hili mtoto akiwa Gredi ya 3. Akifika ya 6 mmechelewa.

Vyovyote mtakavyoamua, wekeni daftari la mahudhurio kama shule: tarehe, somo, ukurasa, saa ya kuanza na kumaliza, na kazi moja iliyosahihishwa kwa kila somo kila juma. Afisa wa elimu akibisha mlango, au mwalimu mkuu akiuliza mtoto amefikia wapi, maneno matamu juu ya malezi ya Kikristo hayatamsaidia kumpangia darasa. Daftari litamsaidia.

Ratiba ya juma lijalo iandikwe Jumamosi jioni, watoto wote wakiwapo, kwa penseli. Yule wa Gredi ya 4 ndiye apige mistari.